Ziwa Lenye Mlango

Maji ya Western Lake yanafanana na chai ya rangi. Si uchafu. Ni majani na mimea inayooza taratibu kwenye vinamasi vya kandokando, ikatoa rangi yake kama majani ya chai kwenye birika. Upande wa pili ipo Ghuba ya Mexico, na kati ya maji haya na yale pana fungu la mchanga tu.

Kaunti ya Walton, kaskazini-magharibi mwa Florida, Marekani, ina maziwa 15 yenye majina ya namna hii, yaliyolala nyuma ya matuta ya mchanga ya pwani. Duniani ni sehemu chache zenye maziwa kama hayo, zikiwemo Australia, New Zealand na Madagaska. Nilipomtajia Baba Madagaska ndipo alipoanza kunisikiliza. Yeye ni mvuvi wa Pangani, na alikuwa haelewi kwa nini mtoto wake amesafiri mbali hivyo kusomea maji, wakati nyumbani yapo tele.

Nilimweleza hivi. Mvua ikinyesha siku nyingi, ziwa linajaa. Likilipita fungu, maji yanaanza kuchirizika, yanachimba mchanga, na baada ya muda mfupi unaona mto unaokimbilia baharini. Bahari nayo ikijaa, inaingiza chumvi ndani, pamoja na samaki na kaa. Siku au majuma yakipita, mawimbi yanaurudisha mchanga na mlango unafungwa. Hakuna mwenye ufunguo.

"Kwa hiyo mkizi anangoja mvua imkaribishe," Baba akasema.

Ndiyo, Baba.

Lakini kando ya maziwa haya watu wamejenga. Mbolea ya bustani na maji taka hupenya ziwani. Barabara ya 30A inakatiza juu ya baadhi ya maziwa, na kalavati nyembamba huyabana maji yanayotaka kupita. Matuta yenyewe ni makazi ya panya wa ufukweni wa Choctawhatchee, aliyeingizwa mwaka 1985 kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kila tuta linalosawazishwa linampunguzia pa kuishi.

Halafu kuna kijiko. Ziwa likisogelea uani, wenye nyumba huomba mlango uchimbwe kwa mashine. Kisheria lazima kipatikane kibali, na ipo sababu. Ziwa lililofunguliwa kabla halijajaa halina nguvu ya kusukuma mchanga mbali. Mlango wake hujifunga upesi, na mimea ya maji baridi hukuta chumvi au ukavu kwa wakati usio wake.

Kila Jumamosi napita uani kwa mzee mmoja kwenda kupima chumvi. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, na mkewe alifariki humo. Mwaka huu mvua zilipozidi, maji yalifika ngazi ya chini ya baraza. Akaniambia, "Wewe ndiye mwenye vipimo. Kwenye mkutano waambie walifungue."

Wiki nzima nililala nikiyafikiria maneno yake. Amenipa kivuli, maji ya kunywa, na mara mbili samaki wa kukaanga. Kwetu mtu wa hivyo humwachi peke yake mbele ya watu.

Mkutanoni nilipewa dakika tatu. Nilisema kwamba vipimo vyangu haviungi mkono kufungua mlango mapema. Nikasema pia kwamba kulinda ziwa kusiwe mzigo wa anayeishi karibu nalo peke yake: kalavati zipanuliwe, nyumba mpya zijengwe mbali zaidi, na walioko tayari wasaidiwe kuinua nyumba zao. Mzee alikuwa safu ya pili. Hakuniangalia.

Jumamosi iliyofuata nilibisha hodi kwanza, ingawa hajawahi kunidai hodi. Nilimkuta amepiga magoti barazani na futi ya fundi, akipima kutoka ardhini hadi sakafuni.

"Unajua kuinua nyumba ni shilingi ngapi huko kwenu?" akaniuliza.

Sikujua. Nikaweka ndoo yangu chini, nikamshikia ncha ya pili.