Keko: Mtaji wa mama, mbao mbichi na vumbi

Ukishuka kwenye daladala Keko, wilayani Temeke, pua hujua umefika kabla ya macho. Ni harufu ya mbao iliyotoka kupasuliwa, imechanganyika na vanishi na thina. Vitanda, makabati na meza vimepangwa hadi ukingoni mwa barabara, na vijana wameshaanza kuita: “Karibu dada, karibu kaka, angalia kitanda, bei tutaongea.”

Familia nyingi za Dar es Salaam zinalala juu ya vitanda vilivyotoka hapa. Wachache hupita nyuma ya vitanda hivyo, kwenye mabanda ya mabati ambako kazi yenyewe hufanyika.

Katika banda moja yupo kijana aliyeanza miezi michache iliyopita. Mtaji wake ni fedha ambazo mama yake alizitoa kwenye kikoba: zikapatikana randa ya mkono, misumeno miwili, patasi, na mbao za mtiki za kuanzia. Mashine hakununua. Hubeba mbao hadi kwa mwenye mashine ya kupasulia, hulipia kazi hiyo tu, kisha hurudi kuunga na kupiga msasa mwenyewe. Pango la banda wanachangia watatu. Kwa anayeanza, mpango huo ni bora kuliko kukopa ili kununua mashine itakayokaa nusu ya wiki bila kazi.

Kilichomwangusha ni mbao zenyewe.

Meza yake ya kwanza, ya watu sita, ilipendeza kuliko alivyotarajia. Mteja alilipa, akaichukua. Wiki chache baadaye simu ikaita: uso wa meza umepasuka kutoka ukingo mmoja hadi karibu na katikati. Kijana aliitengeneza upya kwa gharama zake, na hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha za kikoba ilipoishia.

Mti ukikatwa huwa umejaa maji. Mbao inapokauka husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu haibadiliki sana. Fundi akitumia mbao mbichi, akaibana kwa skrubu pande zote, mbao hutafuta pa kusinyaa na kupakosa, ikapasuka. Hata iliyokauka vizuri huendelea kucheza kidogo kufuata hewa, ndiyo maana mafundi wazoefu hufunga uso wa meza kwa namna inayouachia nafasi ya kusogea. Meza iliyotengenezwa Dar es Salaam kwenye unyevu wa bahari ikipelekwa Dodoma, ambako hewa ni kavu, itasinyaa zaidi. Fundi anapaswa kuuliza meza inakwenda wapi kabla ya kuchukua vipimo.

Siku hizi kijana huyo hupanga mbao kivulini, akiweka vijiti kati ya ubao mmoja na mwingine ili hewa ipite. Kila ubao ameuandika tarehe kwa chaki. Mara moja kwa wiki huchukua kipande kilekile hadi kwa mwenye duka jirani, akakipima kwenye mizani. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki kadhaa mfululizo, anajua maji yaliyobaki yanalingana na hewa ya hapo. Kipima unyevu cha umeme kingemrahisishia, lakini mizani ya sukari inatosha kwa sasa.

Amejifunza pia kudai karatasi. Iwe ni mninga au mkongo wa misitu ya asili, au mtiki wa mashamba ya Longuza, Muheza, mbao halali husafirishwa na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mbao ya bei ya kutupa isiyo na hati inaweza kukamatwa, na mtaji ukaenda nayo.

Lipo na suala la bei, ambalo wazazi wanaotoa mitaji huligundua wakiwa wamechelewa. Tuseme mbao, gundi, msasa na vanishi vimegharimu Sh420,000, na kitanda kimeuzwa Sh550,000. Kijana anasema amepata faida ya Sh130,000. Lakini alikitengeneza kwa siku tisa. Ondoa pango, umeme na nauli ya mkokoteni, kisha gawanya kinachobaki kwa siku hizo: anajilipa chini ya kibarua aliyemsaidia kupiga msasa. Siku za kazi hazikuandikwa kwenye daftari, kana kwamba zilikuwa za bure.

Na mapafu nayo hayakuandikwa.

Mchana watoto wa jirani hucheza juu ya maranda, yale ambayo wafugaji wa kuku huja kuyachukua kwa viroba. Maranda si tatizo kubwa. Hatari ni unga mwepesi wa msasa, ule unaoonekana pale tu mwale wa jua unapopenya kwenye tundu la bati. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na matundu yake. Hiyo huchukua miaka mingi. Pumu na muwasho wa ngozi huja mapema zaidi, na mvule unajulikana kwa yote mawili.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii unga huo. Inahitajika barakoa ya N95 iliyokaa vizuri usoni. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagia, vanishi ipulizwe nje, na watoto wachezee kwingine. Fundi mwenye mtoto mchanga abadilishe nguo kabla ya kumbeba, kwa kuwa vumbi husafiri na shati hadi nyumbani. Mzazi mnunuzi naye akiacha kitanda kipya mahali penye hewa hadi harufu ya vanishi iishe, atakuwa amemsaidia mtoto, hasa mwenye pumu.

Jumamosi mama hufika na chakula cha mchana. Hukaa kwenye kigoda na kufungua daftari, ambalo sasa lina safu ya siku na safu ya barakoa. Wiki hii mteja alitaka meza ndani ya siku tano. Kijana akamwambia mbao bado wiki tatu. Mteja akavuka kwenda banda la pili. Mama aliuliza kwa nini amemwachia. Kijana akamwonyesha ubao wa juu kabisa na tarehe yake ya chaki.

“Haya, baba,” alisema mama, akamsogezea sahani. “Kwanza kanawe hilo vumbi.”