Mlima Haufutiki, Jina Hufutika

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Thika, akisha kupita Ruiru, na atazame upande wa kuume. Siku isiyo na ukungu ataona mlima uliosimama peke yake katika nchi tambarare. Huo ndio Kilimambogo, wenye kimo cha meta 2,145 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Ruiru uko mashariki. Kwa mtu wa Thika uko kusini-mashariki. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wazee wa Kikuyu waliuita Kianjahi, mmoja wa milima waliyoiheshimu kuwa mahali pa Mungu pa kupumzikia. Na jina hilo lakumbusha mvua ya njahi, yaani masika, ambayo mkulima huingoja.

Uingereza nako, karibu na kijiji cha Uffington, uko mlima ulio alama ya wenyeji, lakini alama yake ni kazi ya mikono. Yapata miaka 3,000 iliyopita, watu walichimba mitaro ubavuni mwake, wakaijaza chaki nyeupe, hata ikatokea sura ya farasi mwenye urefu wa meta 110 hivi. Farasi huyo akiachwa, majani humfunika. Kwa hiyo kizazi baada ya kizazi watu wamepanda kupalilia na kuponda chaki mpya. Jina la mchoraji limesahauliwa, farasi angali yupo, kwa kuwa palikuwapo daima watu waliosema, "Kazi hii ni yetu."

Kilimambogo hautaki jembe. Tangu mwaka 1967 ni hifadhi ya taifa, na mbogo wangali wamo. Wageni waupandao huonyeshwa kaburi la McMillan, tajiri mwenye asili ya Marekani aliyefariki mwaka 1925. Ni vema, lakini yafaa waambiwe na habari ya Kianjahi pia. Nyumba za ghorofa zimeongezeka Ruiru na Thika, na mtoto akulipo kati ya kuta aweza kuuona mlima asijue ulikuwa nini kwa babu zake.

Kulipalilia jina ni kazi ndogo. Asubuhi moja iliyo wazi, mzazi amshike mtoto mkono, wasimame mahali palipoinuka, amwonyeshe mlima kwa kidole na kumtajia majina yake yote. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.