Usidanganywe na rangi, kagua mifupa ya matatu

Kama wewe ni mkazi wa Umoja, Buruburu, Kayole au Dandora, bila shaka umewahi kuiacha matatu moja ikaenda zake, ukangoja nyingine kwa kuwa imechorwa ikapendeza. Vijana wetu huziita nganya. Sisi wa zamani tuliziita manyanga. Lakini je, umewahi kujiuliza ni kitu gani kilicho nyuma ya rangi hiyo?

Mimi nililazimika kujiuliza. Mume wangu alipostaafu, tuliafikiana kwamba sehemu ya malipo yake inunue gari la abiria. Wengi hawajui kwamba gari lenyewe kwa asili ni lori. Isuzu NQR hutoka kiwandani likiwa na kichwa, injini na chasisi tupu. Paa, madirisha na viti 33 ni kazi ya mjenzi wa bodi, ambaye mwenye gari humchagua mwenyewe. Hapo ndipo akiba ya miaka mingi hupona au huzama.

Tulizuru karakana tatu. Katika ile ya kwanza tulionyeshwa picha za michoro, runinga na spika. Nilipouliza unene wa vyuma, fundi alicheka. "Mama, abiria hapandi chuma, anapanda muziki!" Tukamshukuru, tukaondoka.

Wa pili alikuwa na bei nafuu, na aliahidi kurefusha bodi ili tupate safu moja zaidi ya viti. Lakini uzito ukizidi nyuma ya magurudumu ya nyuma, yale ya mbele hukosa kushika barabara sawasawa.

Wa tatu alikuwa Kariobangi Light Industries. Hakusema mengi. Alitupeleka kwenye gari ambalo bado halijavishwa mabati, akatupa tochi. Tuliona mabomba ya mraba yakipanda kutoka sakafuni, yakivuka paa na kushuka upande wa pili kama mbavu. Kila kiungo kilichomelewa pande zote na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Bodi ilishikwa kwenye chasisi kwa bolti, kwani moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha chasisi. Miguu ya viti nayo ilifungwa kwenye chuma, si kwenye mbao za sakafu pekee.

Mume wangu alisita kwa sababu ya bei. Nikamwuliza, "Baba Njeri, binti yetu akienda kazini tauni alfajiri, ungependa aketi katika gari la nani?" Hakujibu, ila kesho yake tulirudi Kariobangi.

Usidhani natia chumvi. Oktoba 10, 2018, basi lilipinduka Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, paa likang'oka, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini mkanda utakufaa nini ikiwa kiti chenyewe kitang'oka? Ndiyo maana Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina kiwango cha bodi za magari ya abiria, KS 372. Mwulize mjenzi wako kama anakifahamu.

Jambo jingine ni malipo. Usitoe fedha zote kwa mkupuo. Sisi tuliyagawa: ya kununua vyuma, ya mifupa ikikamilika, na ya mwisho gari likishakaguliwa. Tuliandikiana kwamba hakuna bati litakalopigwa kabla hatujaikagua mifupa kwa macho yetu.

Michoro itafuata, na muziki pia, maana biashara ni biashara. Lakini kwanza, msomaji, omba kuonyeshwa gari lililo uchi. Fundi akikataa, shika njia uende kwa mwingine.