Tulivuka Mississippi kwa Miguu

Wazo la kukodi gari la nyumba lilikuwa la mke wangu. Mimi nilitaka hoteli. Nililala kwenye hema vya kutosha nilipokuwa skauti Nyeri, na sikuona sababu ya kulipia baridi. "Baba Neema," akaniambia, "hili lina kitanda, jiko na choo. Unakosa nini?" Jibu sikuwa nalo. Mapema Septemba, shule zikiwa zimeshafunguliwa, tukaondoka Minneapolis kuelekea kaskazini, kwenye Hifadhi ya Jimbo ya Itasca. Kwa gari dogo ni mwendo wa saa nne hivi. Sisi tulitumia sita, maana lile dude halikati kona kama Probox.

Kijana aliyetukabidhi gari alitueleza kila kitu isipokuwa namna ya kulisawazisha. Tukaegesha chini ya misonobari, tukachomeka umeme, tukabandika chai, na sufuria ikateleza yenyewe hadi ukingoni mwa jiko. Jirani mmoja mzee akatuletea vipande viwili vya mbao vya kuweka chini ya magurudumu, akaenda zake bila maneno mengi.

Na ile misonobari! Imenyooka kama nguzo za msikiti mkubwa, magamba yake mekundu, na mingine imepita miaka 200. Kuiona imesimama ni bahati, kwa sababu karibu misitu yote ya eneo lile ilikatwa ikawa mbao. Bunge la Minnesota liliitenga Itasca mwaka 1891, kwa ushindi wa kura moja tu, lakini wakataji magogo hawakukoma. Mwaka 1903 Mary Gibbs, msichana wa miaka 24, alishika usimamizi wa hifadhi baada ya baba yake kufariki. Wenye magogo walikuwa wamefunga lango la bwawa lao, maji yakapanda na kuua miti ya ufukoni. Akawaendea kuwataka walifungue, akatishiwa bunduki. Leo kituo kimoja cha wageni hifadhini kinaitwa kwa jina lake.

Usiku tuliwasha moto. Kuni hununuliwa papo hapo. Kuzibeba kutoka mbali ni marufuku, kwani wadudu wanaoua miti husafiri ndani yake. Tukasonga ugali juu ya makaa, tukachoma nyama. Kisha ziwani kikatoka kicheko kirefu cha kutisha. Mama Neema akanishika mkono: "Fisi?" Hapana, ni ndege wa maji aitwaye loon, ndege rasmi wa jimbo. Alicheka mpaka tukalala.

Asubuhi tukaenda kwenye chanzo. Mto Mississippi unatoka Ziwa Itasca kwa kupita katikati ya mawe machache, maji hayafiki magotini. Gogo lenye maandishi linasema hapo ndipo mto unapoanza safari ya maili 2,552, kama kilomita 4,100, hadi Ghuba ya Meksiko. Mawe yenyewe yalipangwa na watu miaka ya 1930. Kabla ya hapo mdomo wa ziwa ulikuwa kinamasi. Halikunipunguzia raha hilo. Tulivua viatu, tukavuka na kurudi mara tatu, tukicheka kama watoto.

Jina Itasca alilitunga mvumbuzi Mmarekani Henry Schoolcraft mwaka 1832 kwa kukatakata maneno mawili ya Kilatini, yenye maana ya ukweli na kichwa. Aliyemfikisha pale ni Ozaawindib, kiongozi wa Waojibwe, ambao tayari walilijua ziwa na walikuwa na jina lake. Hadithi hiyo sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa. Miaka 30 baadaye mvumbuzi Mwingereza Speke alisimama Jinja, Uganda, akatangaza chanzo cha Nile, na msafara wake ulikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezungumza Kiswahili. Nilimwambia mke wangu hivyo tukiwa katikati ya maji. Akaniuliza kwa nini sijawahi kumpeleka Jinja.

Ukienda, nenda Septemba, mbu wakiwa wamepungua. Weka nafasi mapema, na uvae viatu vya mpira unapovuka. Mawe yale yanateleza kuliko sabuni.