Lori Lipigalo Teke

Ziko motokari zisizo na kanyagio la klachi. Giaboksi yao hubadili gia yenyewe, kwa nguvu ya mafuta yasukumwayo na pampu. Ikiwa nzima, abiria hasikii kitu. Ikiugua, kila gia ikiingia lori hupiga teke, na abiria hurushwa kana kwamba amesukumwa mgongoni.

Jirani yetu, mama mwenye biashara ya mahindi, alikuwa na lori kuukuu la benzini la Kimarekani, la miaka ya 1970, lenye gia tatu. Siku moja likaanza kuchelewa kubadili gia, kisha kubadili kwa kishindo hata magunia yakahama mahali pake. Fundi mmoja akasema: «Giaboksi imekufa. Nunua nyingine.» Bei yake ilipita mavuno ya msimu mzima. Mama akamgeukia shofere wake kijana: «Wewe ndiwe uliyeiua.» Nasi tulipoulizwa, tuliitikia upesi, kwa maana tulimjua kuwa mtu wa haraka. Basi akanyang'anywa ufunguo.

Kijana hakubishana. Alisema tu: «Mwalimu, tafadhali, njoo tulitazame pamoja kwanza.»

Tukaenda. Aliliweka lori mahali tambarare, akaacha injini ingurume mpaka ipate moto, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Yalifika alama yake, mekundu, bila harufu ya kuungua. Yangalikuwa meusi yenye kunuka, tungalijua kwamba sahani za ndani zimeliwa. Kisha tukazunguka naye barabarani tukisikiliza. Gia moja ikigonga peke yake, huenda ugonjwa uko ndani. Lakini hapa ziligonga zote, na hapo yafaa kuchunguza kwanza msukumo wa mafuta. Akatikisa viungo vya shafti na raba zishikazo giaboksi, kwa sababu navyo vikilegea hugonga. Vilikuwa imara.

Ndipo akaingia chini ya lori. Ubavuni mwa giaboksi kuna kichombo cha bati, cha mviringo, kiitwacho modyuleta. Bomba jembamba hukiunganisha na injini. Injini yenye kazi nyepesi huvuta hewa sana kwa bomba hilo. Ikielemewa na mzigo, mvuto hupungua. Hivyo giaboksi hupata habari ya uzito wa kazi. Mvuto ukipotea, giaboksi hudhani shofere amekanyaga mpaka mwisho. Huzidisha msukumo wa mafuta na kuchelewesha gia. Teke hutoka hapo.

Kijana akachomoa mpira wa bomba lile. Kumbe, joto lilikuwa limeupasua, ufa wa urefu wa ukucha! Akatazama pia kama modyuleta inavuja mafuta mekundu kwenye mdomo wa bomba, dalili ya utando wa ndani uliotoboka. Palikuwa pakavu. Akatia mpira mpya, mnene, usiobonyea kwa mvuto. Tukapanda mpaka sokoni na kurudi. Gia ziliingia kimya.

Mama alimrudishia ufunguo kwa mikono miwili. Nasi tulimwomba radhi mbele ya watu walewale waliotusikia tukimhukumu. Haikuwa kazi rahisi kwetu.

Basi, wasomaji, lori likipiga teke, msianze na spana kubwa, wala msianze na shofere. Anzeni na kijiti cha mafuta, na mpira wa faranga chache.