Vayolini za Laptopu Zinasikika Feki? Shida Si Laibrari

Wasee wa biti, leo tuongee ukweli kidogo. Kila wiki lazima mtu aniulize, "Ninunue laibrari gani ya vayolini ndiyo wimbo wangu usikike kama muvi?" Jibu langu ni lilelile: hiyo uko nayo inatosha. Shida ni vile unaitumia.

Kwanza, hizi sauti si kompyuta imezitunga. Ni watu. Wapiga vayolini, viola, selo na besi wanaitwa kwenye ukumbi, halafu wanarekodiwa noti moja moja: kwa upole, kwa nguvu, ndefu, fupi, ya upinde, ya kudonoa kwa kidole. Noti fupi hurudiwa mara kadhaa, ndiyo ukigonga kitufe kimoja mfululizo usisikie bunduki ya rashasha.

Kampuni ya Spitfire Audio ilirekodi okestra ya BBC hivyo, pale studio za Maida Vale, London. Toleo kubwa linakula zaidi ya GB 500 za diski. Toleo dogo, Discover, lilitoka 2020, ni kama MB 200, na unalipata bure. Okestra ni ileile, chumba ni kilekile. Sisemi hakuna tofauti. Lile kubwa lina viwango vingi vya nguvu, maikrofoni nyingi za kuchagua, na namna nyingi za kutumia upinde. Lakini chini ya ngoma na kwaya, kwa spika ya simu, nani anasikia hizo GB zote?

Kile watu wanasikia ni haya mambo matatu.

La kwanza, unapiga vayolini kama piano. Okestra kubwa huwa na watu kama 16 kwa vayolini za kwanza pekee. Ukibonyeza noti nne pamoja kwa sauti hiyo, umeita watu 64. Lazima isikike kama uji mzito. Gawa kazi: besi na selo washike chini, viola katikati, vayolini wabebe melodi. Kila kundi noti yake.

La pili, noti haipumui. Upinde una urefu wake. Ukifika mwisho, mchezaji anaugeuza. Na hakuna mtu hupiga noti ndefu kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Kwa hivyo tumia lile gurudumu la modulesheni kwenye kibodi: panda polepole, shuka. Huna gurudumu? Chora huo mstari kwa kipanya. Ni dakika kumi za kazi, na hapa ndipo feki nyingi huisha.

La tatu, vyumba havipatani. Mwimbaji yuko bedsita Roysambu chini ya blanketi, vayolini ziko ukumbini London. Sikio linajua hawa watu hawajawahi kukutana. Pitisha vokali na vayolini kwa mwangwi mmoja, hata kidogo tu, ndiyo wakae nyumba moja.

Ukifanya hayo yote, bado kuna mahali laibrari itakuangusha, na hapo hata ile ya bei ghali haikuokoi. Sikiza orutu ya Waluo. Ni uzi mmoja tu, lakini kidole kinateleza mpaka uzi unaongea kama mtu. Sikiza vayolini za taarab ya Mombasa na Zanzibar, zile zinaenda na maqamu za Kiarabu. Kuna noti pale zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Laibrari nyingi za okestra zimerekodiwa kwa ngazi ya noti 12 ya Wazungu. Ukijaribu kuvuta noti kwa gurudumu la kupinda, kundi zima linateleza pamoja kama kaseti iliyolowa maji.

Ndiyo maana mimi nasema hivi: kama umeweka pesa ya kununua laibrari kubwa, ilipe kwa mtu. Mwaka jana mwimbaji mmoja wa gospel alikuwa tayari kununua moja kwa ajili ya albamu yake. Tukaongea, tukakubaliana tutafute mpiga vayolini kwa alasiri moja. Alipiga melodi mara tatu, nikaziweka zote juu ya zile za bure. Kule nyuma kuna okestra ya laptopu, mbele kuna mkono wa mtu, na sikio linafuata ule mkono. Pesa nyingine ilibaki ya video.

Na si ati watu hawapo. Pale Korogocho, Ghetto Classics wamefundisha vijana ala za okestra kwa miaka. Kuna watoto wa mtaa wanasoma noti kuliko maprodyuza wengi wa hapa mtandaoni, mimi nikiwemo. Wanajifunza, wanahitimu, halafu wanangoja simu ambayo haiji kwa sababu sisi tuko bize kulinganisha laibrari. Kama tunataka Nairobi iwe na wapiga vayolini wa studio miaka kumi ijayo, lazima mtu awalipe sasa. Si kwa shukrani wala "utapata jina". Kwa M-Pesa.

Una wimbo wenye vayolini za bure? Weka sekunde 20 kwa komenti. Nitazisikiza wikendi na nikwambie kama shida ni sauti au ni mpangilio. Na kama wewe ni mpiga vayolini, orutu au selo, jitaje hapo chini na uweke bei yako. Maprodyuza, mmeshaona mahali pa kuwapata.