Nyongo ya Sultani

Msomaji wangu, kama umepata kusimama karibu na mchinjaji anapopasua mbuzi, umeona jinsi anavyolishika ini kwa hadhari. Chini ya ini hilo kuna kifuko kidogo cha kijani. Kisu kikikosea njia, kifuko hupasuka, na nyama yote iliyoguswa huwa chungu. Tangu utoto nilikijua kifuko hicho cha nyongo kuwa ni kitu cha kutupwa. Sikupata kuuliza kina kazi gani, wala sikujua kwamba chaweza kuugua, mpaka kilipomwua mbwa wangu.

Mbwa huyo aliitwa Sultani. Alikuwa wa mbegu ya schnauzer wadogo, ambao asili yao ni Ujerumani, naye alikuwa na ndevu za kijivu zilizompa sura ya mzee wa baraza. Nilimpokea kwa jirani aliyehama Nakuru. Nilimpenda, na kama wengi wapendao bila maarifa, nilimpenda kwa chakula. Mafuta ya nyama, ngozi ya kuku na mabaki ya chapati, vyote vilikuwa haki yake. Tulimcheka kwa ulafi wake, kumbe mlafi alikuwa mkono wangu.

Alipofika umri wa miaka 9 alianza kutapika alfajiri na kutafuna majani bustanini. Nilisema moyoni kuwa mbwa wote hula majani. Alipokataa nyama, nilimpeleka kwa mtu aliyekuwa karibu mwenye duka la dawa za mifugo, akanipa dawa ya minyoo. Nilirudi nyumbani nimeridhika, na sababu ya kuridhika kwangu, nakiri, ni kwamba dawa ilikuwa ya bei ndogo. Siku ya tano mwanangu, aliyekuwa na miaka 8, alimfunua mbwa mdomo, akaniita.

“Baba, ufizi wa Sultani umekuwa wa manjano.”

Siku ile ile tulikwenda Nairobi. Daktari wa wanyama, mama mpole asiyependa maneno mengi, alimnyoa Sultani tumbo na kupitisha juu yake chombo cha mawimbi ya sauti. Kwenye kioo palitokea duara lenye mistari iliyotoka katikati kwenda pembeni, mfano wa tunda la kiwi lililokatwa. Alilitazama kwa muda, kisha akasema, “Hii ndiyo nyongo yake. Imejaa ute mzito uliogandamana. Maji ya nyongo hayana njia.”

Nikamwomba anieleze, naye akanieleza kama mwalimu. Ini hutengeneza maji ya nyongo mchana na usiku. Kifuko huyapokea, huyapunguza maji na kuyakoleza, na chakula chenye mafuta kiingiapo katika utumbo mdogo, kifuko hujikaza na kuyamwaga. Huko huyavunja mafuta kama sabuni inavyovunja mafuta ya sufuria. (Farasi na tembo hawana kifuko hiki kabisa, na wanaishi salama, jambo hilo lilinishangaza kuliko yote.) Katika ugonjwa wa Sultani, ngozi ya ndani ya kifuko hutoa ute kupita kiasi, ute hugeuka kuwa kitu kizito kama gundi, na kifuko hutanuka. Mwishowe chaweza kupasuka, sumu ikaenea tumboni.

Niliporudi kwangu nilianza kusoma, na nilichosoma kilinifedhehesha kwa namna nisiyoitazamia. Ujuzi wetu mwingi juu ya tumbo la binadamu umetoka katika tumbo la mbwa. Wengi wenu mmesikia habari za Ivan Pavlov wa Urusi na mbwa waliodondokwa na mate kabla ya kuona chakula. Lakini nishani ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilikuwa ya kazi yake juu ya usagaji wa chakula. Aliwapasua mbwa, akawafanyia matundu ya kutazamia tumbo lao, akawatunza wapone ili aone maji ya tumbo yakitoka. Mwaka 1935 mbwa alijengewa sanamu ya ukumbusho katika mji huo, ambao leo huitwa St Petersburg. Na mwaka 1928, katika Marekani, Ivy na Oldberg walionyesha kwamba utumbo huiagiza nyongo ijikaze kwa kitu kinachosafiri katika damu. Mbwa walikuwa miongoni mwa wanyama waliowafundisha jambo hilo.

Siandiki haya ili kumshutumu Pavlov wala kumtakasa. Nasema tu kwamba kwa miaka mingi mbwa alikuwa kitabu ambamo watu walisoma habari zao wenyewe, na walioketi kumsoma mbwa kwa ajili ya mbwa walikuwa wachache. Ugonjwa huu wa ute ulianza kujulikana sana pale tu mashine za mawimbi ya sauti zilipoenea katika hospitali za wanyama. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza kasoro ya urithi waliyoiona kwa mbwa wa mbegu ya Shetland wenye ugonjwa huo. Mwaka 2014 wengine walipima tena, wakakuta kasoro ile ile kwa mbwa wazima pia, na uhusiano ule haukuthibitika. Msiwacheke wale wa kwanza. Walisema walichokiona, na wenzao walikuwa na uhuru wa kutazama upya. Linalokubaliwa leo ni kwamba mbwa wenye mafuta mengi katika damu, au wenye hitilafu za tezi fulani, hupatwa zaidi, na kwamba schnauzer wadogo wana tabia ya kuwa na mafuta hayo kwa maumbile yao. Siwezi kuapa kwamba chapati zangu zilimwua Sultani. Siwezi pia kuapa kwamba hazikumwua.

Sasa nirudi kwenye kioo kile. Daktari alisema kifuko kiondolewe upesi, na kwamba mbwa wengine hawaponi hata baada ya kupasuliwa. Alitaja gharama. Ilikuwa karibu sawa na karo ya muhula ya binti yangu mkubwa. Niliomba siku mbili za kufikiri. Mke wangu alisema, “Mbwa ni mbwa,” akaenda jikoni, na baadaye nilimkuta amekaa sakafuni akimpangusa Sultani mdomo kwa kitambaa cha maji. Asubuhi ya siku ya pili alinipa fedha za chama chake bila kusema neno.

Tulifika Nairobi saa sita mchana. Kifuko kilikuwa kimekwisha kupasuka usiku. Daktari alikiondoa, akaosha tumbo, akashona. Sultani aliamka, akalamba mkono wa mwanangu, na usiku wa kuamkia siku ya tatu akafa.

Tulipokwenda kumchukua, daktari alinionyesha kifuko ndani ya chupa ya dawa ya kuhifadhia. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi kinachong’aa, kigumu kama jeli. Aliniuliza kama angeweza kukiweka awaonyeshe wanafunzi wake, kwa kuwa wengi walikuwa hawajapata kukiona ila katika picha. Nilisita, nikawakumbuka mbwa wa Pavlov ambao hapana aliyewaombea ruhusa. Nikamtazama mwanangu.

Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama jina litaandikwa juu ya chupa. Daktari alichukua kalamu, akaandika: Sultani, dume, miaka 9.